Betri na Usiku: Kupima Akiba ya Umeme kati ya Mbarara na Nakivale

Ukubwa wa betri katika gridi ndogo ya sola hutegemea mambo manne: umeme unaotumika baada ya jua kutua, siku za mawingu ambazo watumiaji wanaweza kuzivumilia, kiasi cha chaji kinachoweza kutolewa bila kuiua betri, na fedha iliyopo. Kusini mwa Ankole, nchini Uganda, kuanzia mji wa Mbarara hadi makazi ya wakimbizi ya Nakivale, watu walikuwa wakiipiga hesabu hiyo muda mrefu kabla wahandisi hawajafika na kompyuta zao. Mara nyingi waliianzia kwenye fedha.

Nakivale ilifunguliwa mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa ajili ya Wanyarwanda, kando ya ziwa la jina hilohilo, katika eneo ambalo leo ni wilaya ya Isingiro. Wakati huo Uganda ilikuwa na umeme mwingi kuliko wateja. Bwawa la Owen Falls huko Jinja lilizinduliwa mwaka 1954, na sehemu ya umeme wake ikauzwa Kenya. Nyaya zilifuata miji na viwanda, wala hazikuwa na haraka ya kuwafikia watu waliodhaniwa kuwa ni wageni wa muda. Baadaye vita na ukosefu wa matengenezo viliushusha uwezo wa bwawa hilo kutoka megawati 150 hadi takriban 60 kufikia mwaka 1986. Mwaka 2005 na 2006 maji ya Ziwa Victoria yalipopungua, hata wenye nyaya, Mbarara wakiwemo, waliishi kwa mgao.

Mahali ambapo waya haukufika, betri ya gari ndiyo iliyofanya kazi. Ilifungwa nyuma ya baiskeli au pikipiki, ikapelekwa kwenye kituo cha biashara chenye umeme au jenereta, ikaachwa ichajiwe kwa malipo, kisha ikarudishwa nyumbani kuendesha redio, taa na televisheni ndogo. Betri ya volti 12 yenye ampea-saa 70 hubeba takriban wati-saa 840. Televisheni na taa zinazokula wati 30 kwa saa nne hutumia wati-saa 120 kila usiku, kwa hiyo kwenye karatasi betri hiyo ingetosha wiki nzima. Tatizo ni kwamba betri ya gari imetengenezwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache za kuwasha injini. Ikinywewa hadi mwisho mara kwa mara, bamba zake za risasi hujifunika chumvi ngumu na haishiki tena chaji. Mwenye busara aliirudisha kuchajiwa baada ya usiku wa tatu, betri ikiwa bado na nusu yake. Lakini kila safari ilikuwa na nauli na malipo yake, na wengi walisubiri hadi picha ya televisheni ianze kusinyaa. Umaskini ulifupisha maisha ya betri kuliko kasoro yoyote ya kiwandani.

Paneli za sola zilipoanza kuuzwa Afrika Mashariki, hesabu ilibadilika. Nchini Kenya, Mmarekani Harold Burris alifunga mfumo wa sola katika shule ya sekondari ya Karamugi, karibu na Meru, mwaka 1984, na mafundi waliojifunza kazi hiyo wakaieneza vijijini. Hapo chaji ilikuja yenyewe kila asubuhi, ila kosa la zamani lilibaki: paneli ndogo, betri iliyopatikana dukani, na vifaa vilivyoongezwa kila mwezi. Nakivale iko karibu sana na ikweta, hivyo urefu wa mchana haubadiliki sana mwaka mzima. Kinachosumbua ni mawingu ya misimu ya mvua, Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba. Betri iliyopimwa kwa jua la Julai hushindwa Aprili.

Njia mojawapo ya kupunguza ukubwa wa betri ni kuondoa mzigo usiolazimika kuwa wa usiku, na pengine ndiyo njia bora kuliko zote. Pampu ya sola husukuma maji mchana hadi kwenye tangi lililoinuliwa, na tangi hilo ndilo akiba. Friji za chanjo zisizo na betri, zilizoanza kuenea duniani baada ya 2010, huhifadhi ubaridi kwa barafu. Mashine ya kusaga mahindi inaweza kungoja saa nne asubuhi. Maziwa ya Ankole ni kesi ngumu zaidi: ng'ombe hukamwa asubuhi na jioni, na maziwa ya jioni lazima yapozwe jua likiwa limekwisha kuzama.

Betri za lithiamu zilileta hesabu mpya. Kijiji kinachotumia, kwa mfano, kilowati-saa 35 usiku kinahitaji betri za risasi na tindikali za takriban kilowati-saa 82, kwa kuwa nusu ya chaji haiguswi na sehemu hupotea njiani. Kwa lithiamu, inayoruhusu kutumia asilimia 80 na kupoteza kidogo tu njiani, takriban 46 zinatosha. Hesabu hiyo ni ya usiku mmoja tu. Kuongeza siku mbili za mawingu ni kuzidisha gharama, ndiyo maana gridi ndogo nyingi huweka jenereta ya dizeli kando badala ya kununua betri ya mvua ndefu.

Serikali ya Uganda, kwa ufadhili wa Ujerumani na Umoja wa Ulaya, ilipanga gridi ndogo 40: 25 katika wilaya ya Lamwo, kaskazini, na 15 katika wilaya za Rakai na Isingiro. Katika vijiji vya aina hii ugumu ni kutabiri mteja ambaye hajawahi kuwa na umeme. Siku ya kwanza ana taa tatu na simu. Baada ya mwaka ana friji ya soda. Nakivale yenyewe, yenye zaidi ya watu laki moja, Wakongo, Warundi, Wasomali na wengine, hupokea wageni wapya kila vita inapozuka ng'ambo ya mpaka, na makisio ya matumizi hupitwa na wakati haraka. Hivyo betri hununuliwa kwa vipande: ya kwanza hupimwa kwa mzigo uliopo, na nafasi ya kuongeza nyingine huachwa ndani ya kontena linalozihifadhi.