Mpox: namna kipimo cha jeni kinatambua virusi na kufuata njia yake

Mtu wa Masisi ao Walikale akitokwa na vipele, macho peke yake hayatoshi kusema ni Mpox. Tetekuwanga nayo inatoa vipele, hata surua. Kwa hiyo muuguzi anapangusa kipele kwa kijiti chenye pamba, anakitia ndani ya kichupa na kukituma labo. Ni kipele, siyo damu, ndicho kinabeba virusi vingi.

Labo inatafuta kipande cha jeni za virusi. Mashine inapasha moto na kupoza, mara nyingi, na kila mzunguko kipande kinazidishwa kwa mbili. Kipande kimoja, baada ya mizunguko 30, kinapita bilioni moja, hapo kinaonekana. GeneXpert, mashine ile ile ya kupima kifua kikuu, inafanya hivyo kwa muda usiofika saa moja.

Lakini kipimo kinaona tu kipande kilichotumwa kutafuta. Huko Kamituga, Kivu Kusini, ugonjwa ulipoenea tangu Septemba 2023, kipimo kimoja cha kutambua aina ya kwanza ya Mpox kilishindwa, kumbe virusi vilikuwa vimepoteza kipande hicho. Watafiti waliposoma jeni zote, karibu herufi 197,000, wakakuta tawi jipya, Ib. Wakakuta pia alama ambazo mwili wa binadamu unaacha juu ya virusi: zilikuwa nyingi, ni kusema ugonjwa ulikuwa unapita kutoka mtu hadi mtu, siyo tena kutoka nyama za pori. Mwaka 2024 tawi hilo likaonekana Goma na katika kambi za wakimbizi wa ndani, wengi wao watu wa Masisi.

Ebola ilifundisha jambo lingine. Iliporudi Butembo Februari 2021, jeni zilionyesha kwamba ilitokana na mlipuko wa 2018-2020, ule uliofika hata Pinga: virusi vilikuwa vimebaki mwilini mwa mtu aliyepona.

Labo ya INRB iko Goma. Toka Walikale, kichupa kinapaswa kukaa kwenye baridi njia yote, na vita vinakata barabara. Ndiyo sababu mgonjwa anatengwa mara moja bila kungojea jibu, mpaka magamba yote yaanguke na ngozi mpya itokee.