Glakoma ya watoto na tiba yake ya upasuaji

Glakoma ni maradhi ambayo aghalabu hutokana na shinikizo kubwa la majimaji ndani ya jicho, nayo huharibu mshipa wa fahamu unaounganisha jicho na ubongo. Wengi huyahusisha na uzee, lakini wapo watoto wanaozaliwa nayo. Katika nchi za Magharibi hukadiriwa kuwa ni mtoto 1 kati ya 10,000. Nchini Saudi Arabia, ambako ndoa za ndugu wa karibu ni nyingi, ni 1 kati ya 2,500.

Mtoto hutokwa na machozi, huogopa mwanga, na kioo cha jicho lake huwa na ukungu au hupanuka. Macho makubwa ya mtoto mchanga husifiwa kwa uzuri, na hapo ndipo muda hupotea.

Kwa mtu mzima tiba huanza kwa dawa ya matone. Kwa mtoto mchanga matone hushusha tu shinikizo akisubiri upasuaji, ambao ndio tiba yenyewe. Akiwa amepewa nusukaputi, daktari hufungua njia ya kutolea majimaji. Kioo cha jicho kikiwa angavu, hukata kwa ndani. Ni goniotomia, ambayo Otto Barkan wa San Francisco aliieleza mwaka 1942. Kikiwa na ukungu, huingia kwa nje, yaani trabekulotomia.

Upasuaji huhifadhi uoni uliosalia, haurejeshi uliopotea. Baadhi ya watoto hupasuliwa zaidi ya mara moja, na wote huhitaji kupimwa macho maisha yao yote.