Tofauti baina ya supu na chai, na umuhimu wake kwa lishe

Chai na supu hufanana kwa mambo mawili: zote huandaliwa kwa maji moto na zote hunywewa. Ndiyo maana wapo wanaodai kuwa chai ni supu ya majani. Dai hilo halina mashiko.

Chai hutokana na majani ya mchai, mmea uliopandwa humu nchini kwa mara ya kwanza huko Limuru mwaka wa 1903. Majani hayo hutoa rangi, harufu na ladha, kisha huchujwa na kutupwa. Chai ya rangi isiyotiwa sukari haina lishe ya kutajika. Kinachoshibisha katika chai ya maziwa ni hayo maziwa na sukari.

Supu ni chakula. Nyama, mifupa, samaki au mboga huchemshwa hadi kiasi fulani cha protini, mafuta na madini kikaingia majini. Aghalabu hutiwa chumvi, na vilivyopikwa huliwa pamoja na maji yake.

Tofauti hii si ya maneno matupu. Chai ina tanini, kemikali zinazopunguza uwezo wa mwili kufyonza madini ya chuma yaliyomo katika maharagwe, mboga za majani na nafaka. Watoto na wajawazito wanaoteremshia mlo kwa chai kila siku huwa katika hatari zaidi ya kupungukiwa na damu. Nyama ya supu, kinyume chake, husaidia ufyonzaji huo.

Basi mlo na uteremshwe kwa supu au maji, nayo chai isubiri angalau saa moja.