Dola Isiyofungamana na Dini: Neno la Kiuzbeki Katika Kiswahili

Katiba ya Uzbekistan iliyopitishwa kwa kura ya maoni ya Aprili 2023 inaitambulisha nchi hiyo, katika ibara yake ya kwanza, kuwa dola ya *dunyoviy*, neno ambalo msomaji wa Kiswahili hulitambua upesi kwa kuwa mzizi wake wa Kiarabu ndio ulioipa lugha yake neno dunia. Udugu huo wa maneno una mtego. "Dola ya kidunia" kwa Kiswahili huleta fikra za anasa na za mambo yanayomsahaulisha mtu akhera yake, ilhali kinachokusudiwa na katiba hiyo ni jambo la kisheria, yaani kwamba hakuna dini iliyo msingi wa mamlaka ya nchi.

Tafsiri iliyozoeleka zaidi Afrika Mashariki ni "isiyo na dini", na Katiba ya Tanzania huielezea Jamhuri ya Muungano kwa sifa hiyohiyo katika ibara ya tatu bila kuwatatiza wengi, maana Watanzania wamekwisha kuzoea kutofautisha serikali isiyo na dini na wananchi wenye dini zao. Kwa Uzbekistan tafsiri hiyo haifai. "Isiyo na dini" ikigeuzwa neno kwa neno kwa Kiuzbeki huwa *dinsiz*, sifa inayomwelekea mkanamungu, na Wauzbeki waliishi kwa takriban miaka 70 chini ya dola ya Kisovieti iliyopania kuing'oa dini katika jamii. Amri ya serikali ya Lenin ya Januari 1918 ilitenganisha kanisa na dola, na shule na kanisa. Kisha Katiba ya Kisovieti ya 1936 ikawapa raia uhuru wa kufanya ibada pamoja na uhuru wa kueneza propaganda dhidi ya dini, bila kutaja popote uhuru wa kuihubiri. Kwa hiyo muumini wa Bukhara au Tashkent aliyesikia neno "utengano" alijua kwamba kilichotengwa hakikuachwa huru.

Hali hiyo ilidhihirika zaidi mwaka 1943, wakati wa vita, Stalin aliporuhusu kuundwa mjini Tashkent chombo cha kuwasimamia Waislamu wa Asia ya Kati na Kazakhstan, chombo ambacho kilikuwa na mufti wake lakini kikatenda kazi chini ya jicho la dola. Baada ya uhuru wa 1991 kila jamhuri ilibaki na chombo chake, na kile cha Uzbekistan huitwa *idora* ya Waislamu, neno ambalo ni idara ileile ya Kiswahili. Hapa udugu wa maneno unasaidia kweli, kwa kuwa "Baraza la Waislamu" lingemfanya msomaji awafikirie wazee walioketi kushauriana, ilhali "Idara ya Waislamu" humkumbusha ofisi, mihuri na maagizo, ingawa kwa mujibu wa sheria chombo hicho si sehemu ya serikali. Usimamizi huo wa dola ulibaki pia katika sheria ya dini ya 1998, iliyopiga marufuku shughuli za jumuiya zisizosajiliwa, ufundishaji wa dini majumbani na mavazi ya kidini hadharani kwa wasio viongozi wa dini. Ile ya 2021 iliondoa katazo la mavazi na kupunguza idadi ya waasisi wa jumuiya kutoka 100 hadi 50, lakini sharti la usajili likabaki.

Istilahi inayopendekezwa hapa ni "dola isiyofungamana na dini", iliyojengwa kwa mfano wa "nchi zisizofungamana na upande wowote". Kiambishi -an- ndicho chenye uzito, kwani kufungamana ni tendo la pande mbili, na kulikanusha ni kusema kwamba dini haiifungi dola wala dola haiifungi dini. Ahadi hiyo ya pande mbili imo katika maandishi, kwa kuwa Katiba ya Uzbekistan ya 1992 ilitamka kwamba dola haiingilii shughuli za jumuiya za kidini. Hivyo mfasiri wa katiba hana budi kuitafsiri jinsi ilivyo. Anayeeleza mwenendo halisi wa nchi hiyo, hata hivyo, atahitaji kuiacha kauli hiyo ya kutendana, atumie ya kutendwa na kuandika "dola isiyofungwa na dini", maneno yanayoeleza upande mmoja tu wa uhusiano huo na kuuacha wazi ule mwingine, ambao ndio muumini anayesubiri cheti cha usajili wa msikiti wake anaoishi nao.