Miaka 100 ya Ushirika wa Kilimanjaro: Kutoka Ghala la Kahawa hadi Benki ya Wanachama

Mwaka 2025 ulitukuta na sherehe tatu kwa mpigo. Ilitimia miaka 100 tangu wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro waunde chama chao cha kwanza, KNPA. Umoja wa Mataifa nao uliutangaza kuwa Mwaka wa Kimataifa wa Ushirika, mara ya pili baada ya ule wa 2012. Kisha tarehe 28 Aprili, jijini Dodoma, Rais Samia Suluhu Hassan akazindua Benki ya Ushirika, ambayo mizizi yake iko Moshi, katika benki ndogo ya wakulima tuliyoizoea kwa jina la KCBL. Sisi tulioutumikia ushirika huu kwa miaka mingi tumeona si vizuri sherehe zipite bila kuandikwa walau kurasa chache kuhusu waliotangulia.

Kahawa ililetwa mlimani na mapadri wa Roho Mtakatifu, waliopanda miche ya mwanzo katika misheni ya Kilema mwishoni mwa karne ya 19. Kwa miaka mingi ilikuwa zao la misheni na la walowezi. Mchagga aliifahamu kama kibarua: aliichuma, akaibeba, akalipwa ujira wake na kurudi kwenye kihamba chake cha migomba. Mambo yalibadilika baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza walipochukua nchi na Charles Dundas akaletwa Moshi kuwa mtawala. Dundas alikuwa mtu wa namna yake. Alisikiliza wazee, alichunguza mila hadi akaziandikia kitabu, na aliwahimiza watu wapande kahawa katikati ya migomba yao wenyewe. Wazee walimpenda, wakamwita mzee wa Wachagga, heshima ambayo mtawala wa kigeni hapewi hivi hivi.

Lakini chama hakikuundwa na Dundas, na hili tunapenda lieleweke vizuri. Chama kiliundwa na wakulima. Mwaka 1925 walikusanyika wakaanzisha Kilimanjaro Native Planters' Association, yaani KNPA, na rais wake akawa Joseph Merinyo wa Old Moshi, aliyesoma shule ya Walutheri na kufanya kazi ya ukarani chini ya Dundas. Merinyo alizijua lugha za ofisini, na barua ya Serikali haikumtisha. Wakati huo walowezi walikuwa wakipiga kelele kwamba kahawa ya Mwafrika italeta magonjwa shambani kwao na itakuwa kichaka cha wezi. Walitaka Mwafrika akatazwe kabisa kulima arabika, kama alivyokuwa amekatazwa jirani zetu Kenya. KNPA ndiyo iliyosimama katikati. Ilinunua dawa na mabomba ya kunyunyizia, ilifundisha watu kupogoa, ilikusanya kahawa na kuiuza kwa pamoja. Walowezi walikosa la kusema walipoona mashamba ya vihambani yametunzwa.

Tukumbuke mkulima wa siku hizo alikuwa na mikungu ya ndizi, mbuzi wawili watatu na ng'ombe wa zizini. Fedha taslimu aliiona wakati wa kodi. Kumwambia atoe senti zake kwenye mfuko wa chama, zinunue dawa atakayoitumia yeye na jirani asiyemwelewa vizuri, lilikuwa jambo gumu sana. Walikubali. Huo ndio mtaji wa kwanza wa ushirika wetu, na kwa maoni yetu ndiyo huduma ndogo ya fedha ya kwanza iliyomilikiwa na wakulima wenyewe katika mlima huu, miongo mingi kabla wataalamu hawajaja na jina hilo.

Mwishoni mwa miaka ya 1920 bei zilitikisika, na palitokea maneno kuhusu hesabu na kuhusu siasa ya ardhi, ambayo KNPA haikuinyamazia. Baadhi ya mamangi, yaani machifu wetu, waliona chama kinawapunguzia sauti. Merinyo akaondoka uongozini. Hatutaki kuyafukua yote hayo hapa. Inatosha kusema kwamba miaka mingi baadaye, mwaka 1949, mzee huyohuyo alikuwa bado anawapigania watu wake pamoja na Petro Njau katika umoja wa raia wa Kilimanjaro.

Serikali ilitunga Sheria ya Vyama vya Ushirika mwaka 1932, na tarehe 1 Januari 1933 ikaandikishwa Kilimanjaro Native Co-operative Union, KNCU, yenye vyama vya msingi 11. Meneja wake alikuwa Mwingereza, A. L. B. Bennett, aliyekuwa ameshafanya kazi na KNPA. Hapa ndipo mfumo wa uongozi tunaoujua hadi leo ulipopata umbo. Mkulima ni mwanachama wa chama cha msingi cha eneo lake. Mkutano mkuu wa chama hicho unachagua kamati, na wajumbe wanatumwa kwenye chama kikuu. Kila mtu ana kura moja, mwenye miche 50 na mwenye miche 2,000. Meneja anaajiriwa, hachaguliwi, na hapaswi kutawala. Mrajis wa vyama vya ushirika anakagua kutoka nje. Ukiutazama kwenye karatasi mfumo huu ni mwepesi. Kuuishi ndiyo kazi.

Siku ya mizani ilikuwa siku yenye heshima yake. Kina mama walishuka na magunia kichwani, kahawa ikiwa imemenywa, imeoshwa na kuanikwa hadi ikakauka kwenye ganda. Karani alitia mkono ndani ya gunia, akatoa punje chache, akaziuma kuona kama zimekauka sawasawa. Zikiwa bado laini, gunia lilirudi nyumbani, hata kama mwenye gunia ni shemeji yake. Zikikubaliwa zilipimwa mbele ya macho ya mwenyewe, uzito ukaandikwa kwenye stakabadhi, naye akapokea malipo ya awali. Mnada ukishafanyika na gharama zikatolewa, palikuja malipo ya pili. Mzazi mwenye busara aliyatumia kulipia ada ya shule. Ndiyo maana stakabadhi za kahawa zilihifadhiwa sandukuni pamoja na vyeti vya ubatizo.

Mwaka 1937 bei ilianguka vibaya, na kwa kuwa amri ilimlazimu kila mkulima auze kupitia KNCU, watu walikasirika, na katika sehemu kadhaa maghala yalishambuliwa. Serikali iliingilia kati, wakati ukapita. Wazee walijifunza kwamba mwanachama anayeletwa ghalani kwa amri ni tofauti na mwanachama anayekuja kwa hiari yake, na tangu hapo mikutano ya vyama vya msingi ikapewa uzito zaidi.

Baada ya Vita ya Pili ndipo tulipong'ara. Bei ya kahawa ilipanda, na fedha haikuishia matumboni. KNCU ilijenga jengo lake kubwa katikati ya mji wa Moshi, likaonekana na kila aliyeshuka kutoka stesheni. Ilijenga shule ya sekondari Lyamungo, jirani na kituo cha utafiti wa kahawa kilichoanza mwaka 1934 na ambacho leo ni Taasisi ya Utafiti wa Kahawa Tanzania, TaCRI. Ilisomesha vijana ndani na nje ya nchi. Hapa mjini Moshi palikuwa tayari na mfano mwingine wa kujivunia: mwaka 1938 jumuiya ya Ismailia ilianzisha chama cha akiba na mikopo kinachotajwa kuwa cha kwanza Tanganyika. Kwa hiyo mji huu mmoja umezaa pande zote mbili za ushirika wetu, mazao na akiba.

Uhuru ulipokuja, viongozi wa nchi walijua kazi ya ushirika. Paul Bomani, aliyewaunganisha wakulima wa pamba wa Kanda ya Ziwa, aliingia Baraza la Mawaziri. Mwaka 1962 ikaundwa Benki ya Ushirika ya Tanganyika, na Januari 1963 Chuo cha Ushirika kikafunguliwa Moshi. Marafiki wa nchi za Skandinavia walikuja kutushika mkono, wakaleta walimu na vitabu vya hesabu za vyama. Huo ulikuwa ubia wa kweli. Walifundisha, wakaondoka, na makatibu waliopita mikononi mwao wakabaki wakiandika daftari za vyama nchi nzima. Chuo hicho leo ni Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi, tangu mwaka 2014.

Benki ile ya 1962 haikudumu. Kazi zake zilimezwa na Benki ya Taifa ya Biashara. Mwaka 1976 vyama vikuu vyote nchini vilivunjwa, KNCU ikiwamo, na kahawa ikashikwa na mamlaka ya Serikali. Hiyo ilikuwa miaka ya ukimya. Sheria mpya ya mwaka 1982 ilivirudisha vyama vikuu, na KNCU ikafungua tena milango yake mwaka 1984, ikiwa na majengo yake na madeni ambayo si yote iliyoyakopa yenyewe.

Miaka ya 1990 soko la kahawa liliachiwa huru. Wanunuzi binafsi walipanda mlimani na fedha mkononi, na benki kubwa zikaanza kufunga matawi ya vijijini. Mkulima akabaki hana pa kuweka wala pa kukopa. Hapo wazee wetu walifanya uamuzi ambao sisi tunauweka sambamba na ule wa 1925: vyama vya msingi na chama kikuu vilichanga hisa, wakulima binafsi wakaongeza, na mwaka 1996 Kilimanjaro Co-operative Bank Limited, KCBL, ikaanza kazi. Wamiliki wake walikuwa watu walewale waliopanga foleni mbele ya mizani. Kupitia vyama vyao vya akiba na mikopo, SACCOS, mwanachama aliweka kidogokidogo na kukopa kwa dhamana ya akiba yake na ya wenzake, badala ya hati ya nyumba asiyokuwa nayo.

Ndugu zetu wa Kongo wanaijua thamani ya jambo hili kuliko wengi. Kuanzia Kivu hadi Kisangani, vyama vyao vya akiba na mikopo, wanavyoviita COOPEC, vilikusanya fedha za wachuuzi na wakulima, kisha sarafu yenyewe ikawageuka. Mwaka 1979 noti kubwa zilifutwa siku ya Krismasi. Mwaka 1993 zaire milioni 3 zikawa zaire mpya 1. Akiba iliyeyuka ndani ya daftari bila mwizi kuvunja mlango. Kisangani ikapigwa mabomu Juni 2000, na bado watu wake waliendelea kuweka akiba kwa pamoja. Sheria ya Februari 2002 iliviweka vyama hivyo chini ya usimamizi wa Benki Kuu yao. Tunawataja kwa heshima, kwa sababu msimamizi wa nje na mkutano mkuu wa ndani ni nguzo wanazozihitaji wao kama tunavyozihitaji sisi.

Miaka ya karibuni tutaitaja kwa kifupi. KNCU iliingia katika biashara ya haki na wanunuzi wa Ulaya, kisha kahawa ya kilimo hai. Sheria ya ushirika ya 2003 ikafuatwa na ya 2013, iliyounda Tume ya Maendeleo ya Ushirika. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ikapitishwa 2018, na SACCOS zikaanza kuomba leseni. Januari mwaka huohuo Benki Kuu ilifunga benki tano ndogo kwa upungufu wa mtaji, mojawapo ikiwa ya wenzetu wakulima wa Kagera, na KCBL ikapewa muda wa kuongeza mtaji. Zilikuwa siku nzito kwa bodi na wafanyakazi. CRDB, ambayo yenyewe iliwahi kuwa benki ya ushirika na maendeleo vijijini, ilikuja kama mbia. Baadaye Benki ya Jamii ya Tandahimba, ya wakulima wa korosho, ikaungana na KCBL, na kutoka hapo ikapatikana Benki ya Ushirika iliyozinduliwa 2025.

Tunawashukuru wabia wote, tangu Dundas hadi CRDB. Kila mmoja alileta kitu tusichokuwa nacho: sauti serikalini, ujuzi wa hesabu, soko, mtaji. Lakini ubia uliotufaa ni ule ambao mwisho wa mazungumzo mkulima ndiye aliyebaki na kura. Mwaka 1976 kura hiyo ilichukuliwa, na hakuna gunia lililopungua uzito kwa sababu ya mvua au mdudu kama yalivyopungua yetu katika miaka ile.

Kwa hiyo ombi letu kwa wanachama wa leo, hasa vijana waliorithi hisa za babu zao, ni dogo. Hisa hizo msiziache zilale. Nendeni kwenye chama chenu cha msingi mkaulize majina yenu kama yapo kwenye rejista. Mkutano mkuu ukiitishwa, hudhurieni, na taarifa ya mkaguzi ikisomwa, isikilizeni hadi ukurasa wa mwisho na mwulize msipoelewa. Anayegombea ujumbe wa bodi mwulizeni amelipa mkopo wake au hajalipa. Benki sasa ina makao makuu Dodoma na wanachama wa mazao yote ya nchi; sauti ya mlima itasikika huko ikiwa tu itapelekwa na wajumbe mliowachagua wenyewe.