Mlakaa wa Koyama: Ndege, Majira na Majina katika Visiwa vya Wabajuni

Kusini mwa Kismayu, chini kidogo ya mstari wa ikweta, huanza safu ya visiwa inayofuatana na pwani hadi karibu na mpaka wa Kenya. Koyama ni katika vile vya upande wa kaskazini, na majirani zake ni Ngumi, Chovai na Chula. Wenyeji wake ni Wabajuni, watu wa bahari tangu zama, na lugha yao, ambayo wataalamu huiita pia Kitikuu, ni lahaja ya Kiswahili iliyo mbali kabisa upande wa kaskazini, tukiiacha Chimwini ya Barawa.

Visiwa hivi havikukosa waandishi. Kapteni J. A. G. Elliott, Mwingereza, aliandika habari za ziara yake huko katika miaka ileile ya 1925 na 1926 ambapo nchi ya Juba ilikuwa ikitoka mikononi mwa Waingereza na kuingia mikononi mwa Wataliani. Vinigi Grottanelli, mtaalamu wa Kitaliani, alitoa mwaka 1955 kitabu kizima juu ya wavuvi wa Kibajuni. Neville Chittick naye aliipita pwani ile mwaka 1968 akichunguza magofu, makaburi na misikiti ya kale. Kwa hiyo mawe ya Koyama yamesomwa, na nasaba za watu wake zimeandikwa. Lakini katika historia za pwani yetu, ndege hutajwa kwa nadra sana, kana kwamba baharia wa zamani alisafiri chini ya mbingu tupu. Sisi twaona kwamba hilo ni pengo. Watu waishio kwa majira ya pepo hawakuwa peke yao katika kuyafuata. Walikuwapo viumbe wengine waliopita njia ileile, na kwa mambo fulani waliipita vizuri zaidi.

Tumtwae mmoja kwanza, maana ndiye aliyetufanya tuandike. Maji yanapokupwa katika pwani ya Koyama, Lamu au hata Unguja, kati ya miezi ya Agosti na Aprili, huonekana makundi ya ndege weupe wenye mgongo mweusi, miguu mirefu ya kijivu, na mdomo mweusi mnene kama wa ndege mkubwa kuliko yeye. Urefu wake hufikia sentimita 40 hivi. Wataalamu wa elimu ya viumbe humwita Dromas ardeola. Sisi katika makala haya tutamwita mlakaa kwa ajili ya chakula chake. Si jina la asili, ni la kutufaa kwa muda tu. Hukimbia mbio fupi, husimama ghafla, hukimbia tena, kisha humpiga kaa kwa ule mdomo. Hupenda kuwinda jioni na usiku, saa ambazo kaa wengi wametoka mashimoni.

Mlakaa hana ndugu wa karibu ulimwenguni. Yu peke yake katika jamii yake. Tena ana tabia ambayo hakuna ndege mwingine wa pwani wa aina ya kitwitwi au sululu anayeifuata. Hawa wengine hutaga mayai juu ya ardhi. Yeye huchimba. Katika mchanga hutoboa njia ya chini kwa chini, na mwisho wake hutaga yai moja tu, jeupe, kwa kuwa yai lililo gizani halina haja ya madoadoa ya kulificha. Nchi azaliamo ni za joto kali: Bahari ya Shamu, Oman, Ghuba mpaka Kuwait, na pwani ya kaskazini ya Somalia. Uchunguzi uliofanywa Eritrea na kuchapishwa mwaka 2008 ulionyesha kwamba joto la jua linalopenya mchangani hufanya sehemu kubwa ya kazi ya kuatamia, hata wazazi waweza kuliacha yai kwa muda mrefu bila ya kudhurika.

Ajabu kubwa zaidi ni malezi. Makinda ya ndege wengi wa jamii hizo huanza kujitafutia chakula mara tu baada ya kutoka yaini. Kinda la mlakaa hukaa shimoni likiletewa kaa. Hata likiisha kuota mbawa, halimwachi mzazi: husafiri naye maelfu ya kilomita mpaka pwani zetu, na miezi kadhaa baadaye bado huonekana likimfuata mzazi ufukweni, limeinama, likilia kuomba kulishwa. Mwalimu aliyepata kulea kijana mvivu atalielewa jambo hili bila ya maelezo zaidi.

Sasa tuitazame ramani. Pwani anakotoka mlakaa ndizo zilezile zilikotoka jahazi za kaskazi: Sur, Maskati, Basra, Kuwait. Mwaka 1938 Alan Villiers, baharia wa Australia, aliingia Adeni katika jahazi la Kuwait liitwalo Bayan, chini ya nahodha Ali bin Nasr al-Nejdi, akasafiri nalo kupitia Haifun na Mogadishu hadi Lamu, Mombasa, Unguja na Rufiji, akaandika kitabu juu ya safari ile. Walikwenda kwa pepo za kaskazi, wakapakia boriti za mikoko, wakarudi kwa kusi. Ndiyo desturi ya karne nyingi. Wabajuni walikuwa sehemu ya biashara hiyo, kwa boriti za mikoko yao na kwa magamba ya ng'amba waliowavua kwa ufundi wao wa kumfunga chazo kamba na kumtuma akashikamane na kasa.

Kuna tofauti moja ambayo mwenye kupenda mifano rahisi angeiacha, lakini sisi hatuwezi. Jahazi lilingoja kaskazi ianze kuvuma, Novemba au Desemba. Mlakaa hangoji. Wa kwanza hufika mwezi wa Agosti, wakati kusi ingali ikivuma, maana yake huja dhidi ya upepo. Haletwi na pepo, bali huondoka kwa sababu uzazi umekwisha. Hivyo kwa baharia mwenye kuangalia, ndege huyu hakuwa dalili ya upepo uliopo. Alikuwa mtangulizi wa majira yajayo.

Wakati mlakaa wengi wako kwao wanachimba, Koyama na visiwa vidogo vya kusini yake huwa na wazazi wengine. Hao ni buabua, ndege wembamba wa baharini wenye mkia wa panda, ambao wengine huwachanganya na shakwe. Katika visiwa vidogo vya pwani hii, upande wa Somalia na upande wa Kiunga, Kenya, buabua wa aina kadhaa hukusanyika kutaga katika miezi ya kusi, hasa kuanzia Julai hadi Septemba. Mmoja wao, ambaye kifua chake huingia wekundu hafifu wa waridi wakati wa uzazi, hupatikana huko kwa maelfu. Hawajengi kiota. Yai moja au mawili yenye madoa huwekwa juu ya mwamba au mchanga mtupu, jirani na jirani, mpaka mtu hana pa kutia mguu. Adui wao mmoja ni shakwe wa kijivu, ambaye naye huzaa visiwani humo na huyaiba mayai yao bila ya haya.

Kwa nini wachague kusi, majira ya mawimbi makali? Jibu moja liko majini. Mkondo wa bahari wa pwani ya Somalia hugeuka mara mbili kwa mwaka pamoja na pepo, jambo lisilo la kawaida katika mikondo mikubwa ya dunia. Wakati wa kusi hukimbia kwa nguvu kwenda kaskazini, na katika sehemu kadhaa za pwani ile ndefu maji baridi ya chini hupanda juu yakileta chakula cha samaki wadogo. Jibu la pili ni letu wenyewe, na msomaji aweza kulipinga: miezi hiyo ndiyo ambayo mashua nyingi huvutwa pwani, na visiwa vya mawe visivyokaliwa na watu huwa vigumu kufikiwa. Bahari mbaya ni ukuta mzuri. Kwani mayai ya ndege hawa yamekuwa chakula cha wavuvi tangu kale, na huko Shelisheli mayai ya buabua weusi yalifanywa biashara kubwa. Kundi likisumbuliwa mno huweza kukihama kisiwa kizima, na mwaka ule usiwe na makinda.

Lakini mvuvi hakuwa adui tu. Samaki wakubwa kama jodari huwasukuma samaki wadogo juu ya maji, na buabua huwadaka kutoka juu. Wale wadogo wamebanwa baina ya adui wawili. Na mwenye mshipi, akiona kundi la ndege likizunguka na kupiga mbizi mahali pamoja, hujua chini yake pana nini. Elimu ya kutambua kundi linalokula, kundi linalopita, na kundi linalorudi kulala kisiwani, ilikuwa sehemu ya malezi ya kijana wa pwani. Haikuandikwa popote. Ilifundishwa chomboni, kwa kidole na kwa majina.

Twafika hapo kwenye majina. Mwaka 1865 Baron Karl Klaus von der Decken, Mjerumani, aliingia mto Juba, kaskazini ya Kismayu, kwa meli yake Welf. Meli ilivunjika juu ya Bardera, naye akauawa huko mwaka uleule. Leo liko aina la ndege wa jamii ya hondohondo linaloitwa kwa jina lake katika vitabu vya dunia nzima. Mwenzake wa baadaye, daktari Gustav Fischer, alisafiri pwani ya Lamu na Tana katika miaka ya 1870, na ndege wa kijani mwenye mbawa nyekundu wa misitu ya pwani hiyo akapewa jina lake mwaka 1878. Hatusemi kwamba wasafiri hao hawakustahili. Twasema tu kwamba mtu aliyepita miezi michache aliacha jina lake juu ya mbawa za ndege, na aliyeishi naye miaka elfu jina alilompa likabaki kinywani.

Tukifungua kamusi zetu twaona athari yake. Mara nyingi neno la ndege hufasiriwa "aina ya ndege" au "aina ya ndege wa pwani", na mwanafunzi hutoka na ujinga uleule alioingia nao. Padri Charles Sacleux, katika kamusi yake kubwa ya Kiswahili na Kifaransa ya mwaka 1939, alijitahidi kuliko wengi. Alionyesha maneno ya lahaja mbalimbali, Kitikuu ikiwamo. Derek Nurse naye aliikusanya Kibajuni tangu miaka ya 1970. Ndege wenyewe, upande wa Somalia, waliorodheshwa kwa uangalifu na John Ash na John Miskell katika kitabu kilichotoka mwaka 1998. Kazi hizo zote twaziheshimu. Lakini elimu ya ndege imekaa katika kabati moja na elimu ya maneno katika jingine.

Na muda si mwingi. Serikali ya Somalia ilipoanguka mwaka 1991, Wabajuni, watu wachache wasio na silaha, walishambuliwa na kunyang'anywa vyombo vyao. Wengi walikimbia kwa bahari hadi Kenya, wakawekwa katika kambi karibu na Mombasa. Baadhi yao walirejeshwa baadaye, na wengine walitawanyika mpaka Ulaya. Huko kulizuka jambo ambalo mwalimu wa lugha lazima alitafakari. Mwaka 2000 Uingereza, Denmark na Uholanzi zilituma ujumbe wa pamoja Nairobi kukusanya habari za makundi madogo ya Somalia, Wabajuni wakiwamo, ili maofisa wapate kuamua maombi ya wakimbizi. Mtu aliyedai kuwa ametoka visiwani aliweza kuulizwa majina ya visiwa, habari za uvuvi, na maneno ya Kibajuni. Neno la lahaja, ambalo shuleni huenda lingesahihishwa kwa wino mwekundu, likawa ushahidi wa mtu alikozaliwa. Kijana aliyekulia kambini, akaijua Kiswahili cha Mombasa kuliko Kibajuni cha babu yake, alikuwa na kazi kubwa ya kujieleza.

Kuyakusanya majina ya ndege hakuhitaji kwanza kufika Koyama. Wazee wa Kibajuni wako Lamu, Mombasa na Kiunga, na ndege ni walewale: hifadhi ya bahari ya Kiunga, iliyowekwa mwaka 1979, ina visiwa vidogo vya buabua vilivyo sawa na vile vya ng'ambo ya mpaka. Mwenye kwenda na aende na picha, au bora zaidi aende na mzee mwenyewe ufukweni wakati wa bamvua. Asianze kwa kuuliza "shakwe mwaitaje?", kwani akitoa neno lake mwanzo atarudishiwa neno lilelile kwa adabu. Aonyeshe, anyamaze, angoje. Aulize tena kwa mtu wa pili asiyemsikia wa kwanza. Na akiisha kupewa jina la mlakaa mzima, amwonyeshe pia yule kijana wa rangi ya kijivu anayemfuata nyuma akilia, maana yawezekana ana jina lake mbali.