Sanduku la funguo tatu



Kusahau namba ya siri ya simu ni jambo dogo, nalo humpata mwanafunzi, katekista na mfanyabiashara bila ubaguzi. Lakini jambo hilo dogo linaamsha swali la zamani sana: kitu chenye thamani kikifungwa, ufunguo wake ukae kwa nani? Waliotutangulia katika Kanisa na katika nchi hii walilijibu swali hilo kwa njia zao. Simu tunazozibeba mfukoni zimelijibu kwa njia nyingine kabisa. Tuitazame historia hiyo kwa utulivu, kwa sababu inagusa mali na kumbukumbu za vikundi vyetu.

Mwishoni mwa mwaka 1199, Papa Inosenti III alikuwa akikusanya sadaka kwa ajili ya Nchi Takatifu. Aliagiza kwamba katika kila kanisa liwekwe sanduku la kupokea sadaka hizo, nalo lifungwe kwa funguo tatu. Ufunguo wa kwanza ukae kwa askofu, wa pili kwa padri wa kanisa hilo, na wa tatu kwa mlei mchaji. Tuone vema jambo hilo: zaidi ya miaka mia nane iliyopita, mlei alikabidhiwa ufunguo pamoja na wachungaji wake. Hakuna mmoja wao aliyeweza kulifungua sanduku peke yake, na kwa hiyo hakuna aliyeweza kushukiwa peke yake.

Mtu atauliza: je, funguo tatu hazipotei kwa urahisi kuliko mmoja? Ni kweli, ufunguo wa chuma huweza kupotea. Lakini ukipotea, mhunzi huitwa akavunja kufuli, na sadaka hukutwa ndani vile vile zilivyowekwa. Tena mwenye ufunguo akifa, ufunguo wake hubaki, na mwingine huupokea. Ufunguo ulikuwa wa huduma, haukuwa wa mtu.

Busara hiyo haijafa. Mwaka 1991 wanawake wa Niger, wakisaidiwa na shirika la CARE, walianza vikundi vya akiba ambavyo baadaye vilienea katika nchi nyingi za Afrika. Kwetu tunavijua kwa jina la AVEC. Sanduku la kikundi cha namna hiyo lina makufuli matatu. Funguo hukaa kwa wanachama watatu, na sanduku lenyewe hutunzwa na mwingine. Mama zetu wengi wanaoketi kuzunguka sanduku hilo kila juma wanafuata, bila kuambiwa, busara ile ile ya mwaka 1199.

Wazee wa nchi yetu nao walijua kwamba kumbukumbu ya wengi haiwekwi katika kichwa kimoja. Katika ufalme wa Waluba, kusini-mashariki mwa Kongo, kulikuwa na chama cha Mbudye, yaani chama cha watunza kumbukumbu. Chombo chao kiliitwa lukasa: ubao mdogo wa mti, unaotosha kushikwa kwa mkono mmoja, uliopambwa kwa shanga na kauri au kuchongwa alama. Mtunzaji aliushika kwa mkono wa kushoto, akapitisha kidole cha mkono wa kulia juu ya shanga, na huku akisimulia asili ya ufalme, majina ya watawala, koo na mahali patakatifu. Asiyefundishwa aliona shanga tu. Kwa hiyo lukasa ilikuwa imefungwa, na ufunguo wake ulikuwa mafundisho ambayo wanachama walipokezana daraja kwa daraja. Mmoja akizeeka na kusahau, wenzake walikuwapo. Leo mbao kadhaa za namna hiyo zimo katika majumba ya makumbusho ya Ulaya na Marekani. Shanga bado zipo mahali pake, lakini palipo na ubao pasipo na msomaji, ubao hausemi neno.

Sasa tuje kwenye mashine. Mwaka 1961, katika chuo cha MIT huko Marekani, kundi la Fernando Corbató lilitengeneza mfumo uliowawezesha watu wengi kutumia kompyuta moja kwa wakati mmoja. Ili kila mtu awe na mafaili yake, alipewa neno lake la siri. Maneno hayo yote yaliandikwa katika faili moja ndani ya mashine. Mwaka 1962 mwanafunzi mmoja aliyetaka saa nyingi zaidi za kutumia kompyuta aliomba faili hilo lichapishwe kwenye karatasi, akapata maneno ya siri ya wenzake wote. Basi, neno la siri lilipoingia katika kompyuta, halikukaa muda mrefu bila kuibwa.

Baadaye wataalamu walipata dawa. Kompyuta haikulitunza tena neno lenyewe, bali alama iliyotokana nalo kwa hesabu ambayo haiwezi kurudishwa nyuma. Ukiandika neno lako, mashine hufanya hesabu ile na kulinganisha majibu. Katika mashine ya namna hiyo msimamizi hana neno lenyewe la kuibiwa, lakini pia hana la kukukumbusha.

Simu za mkononi zilipokuja, ufunguo wa pili ulikuwa bado upo. Kadi ya sim ina namba yake ya siri. Ukiikosea mara tatu, kadi hujifunga na kudai namba ya tarakimu nane iitwayo PUK, ambayo kampuni ya simu inayo. Anayesahau huenda ofisini na kitambulisho chake, akasaidiwa. Lakini simu za kisasa zimekwenda mbali zaidi. Tangu Septemba 2014, toleo la nane la programu ya iPhone lilifunga picha na ujumbe kwa ufunguo uliofungamana na namba ya mwenye simu, hata Apple wenyewe wakasema hawawezi tena kuzifungua. Simu za Android zilifuata njia hiyo hiyo.

Jambo hilo lilijaribiwa mbele ya dunia nzima. Desemba 2015 watu 14 waliuawa katika mji wa San Bernardino, Marekani, na simu iliyotumiwa na mmoja wa wauaji ikakutwa imefungwa. Februari 2016 mahakama iliiamuru Apple iwasaidie wapelelezi wa FBI. Apple ikakataa, ikisema kwamba chombo cha kufungua simu moja kingeweza kufungua nyingine nyingi. Mwishoni mwa Machi serikali iliiacha kesi, baada ya kupata msaada kwa watu wengine. Ikiwa dola kubwa ilihangaika hivyo kwa simu moja, sisi tutafanya nini mbele ya meza ya fundi sokoni?

Tuseme wazi. Ukikosea namba mara nyingi, simu hukufanya usubiri dakika moja, kisha zaidi, kisha saa. Nyingine zikipangwa hivyo hufuta kila kitu baada ya makosa kumi. Fundi mwaminifu anaweza kuirudisha simu katika hali iliyotoka nayo kiwandani, na ndipo itakapodai akaunti ya mwenyewe. Kinga hiyo iliwekwa mwaka 2013 kwa iPhone na mwaka 2015 kwa Android ili mwizi asifaidi. Lakini picha na sauti ambazo hazikunakiliwa mahali pengine hazirudi. Hapa mhunzi hana kazi: mlango ukivunjwa, hazina huondoka pamoja nao. Hata alama ya kidole haisaidii kila mara, kwa maana simu ikizimwa na kuwashwa upya hudai namba kwanza. Aliyezoea kugusa kwa kidole kwa miezi mingi ndiye anayeisahau upesi.

Je, tuilaumu kufuli? Hapana. Katika nchi ambamo simu huporwa njiani, na watu wengi wamekimbia makwao bila kubeba kitu, kufuli imara humlinda mnyonge. Siri ya moyo wa mtu ni yake, na Kanisa linaiheshimu. Tatizo linaanza pale ambapo kitu cha wengi kimewekwa chini ya kufuli ya mmoja. Orodha ya wanachama, hesabu ya michango, nyimbo za kwaya zilizorekodiwa, picha za mzee wetu aliyekwisha kuzikwa: vitu hivyo vikikaa katika simu ya mtu mmoja, siku akisahau, akiugua au akifa, jumuiya nzima imesahau pamoja naye.

Kusahau si dhambi. Mtakatifu Agostino, askofu wa Hippo katika Afrika, aliutafakari uwezo wa kumbukumbu katika kitabu cha kumi cha Maungamo yake. Alimwangalia yule mwanamke wa Injili aliyepoteza sarafu, akaona kwamba asingeikumbuka, asingeitambua hata alipoiona. Nabii Isaya naye, katika sura ya 49, anatuonyesha Mungu asiyemsahau mtu wake, aliyemchora katika viganja vyake. Sisi si Mungu. Kwa kuwa tunasahau, upendo unatudai tujiandae, ili usahaulifu wetu usiwe hasara ya wenzetu.

Kwa hiyo tunapendekeza desturi chache kwa kila kikundi. Kinachohusu kikundi kiandikwe pia katika daftari, na picha na sauti zinakiliwe mahali pa pili. Namba ya siri ya simu ya kikundi iandikwe kwenye karatasi, itiwe katika bahasha iliyofungwa na kutiwa saini na mwenyekiti, katibu na mtunza hazina, kisha ihifadhiwe katika kabati la parokia. Viongozi wapya wakichaguliwa, bahasha ifunguliwe mbele ya wote, namba ibadilishwe, na bahasha mpya iwekwe. Na kwa simu yako mwenyewe, fikiri ni nani katika jamaa yako anayestahili kujua njia ya kuifungua siku usipokuwepo.

Petro alipokea funguo kwa ajili ya nyumba nzima. Kila anayeshika ufunguo katika jumuiya, hata ukiwa wa tarakimu sita tu, anashiriki kidogo katika utumishi wa namna hiyo.

Maswali ya kutafakari pamoja:

1. Ni kumbukumbu zipi za kikundi chetu zinazokaa leo kwa mtu mmoja tu?

2. Kama kikundi chetu kingekuwa na sanduku la funguo tatu, tungewakabidhi akina nani, na kwa sababu gani?

3. Ni wazee gani wa parokia yetu wanaojua habari ambazo bado hatujawauliza?